Mashine ya babu ni kompyuta? Na nani hasa aliyeanza?

*"Salamu mtaalamu. Marehemu babu yangu alikuwa karani wa hesabu, na katika vitu alivyotuachia kuna mashine nyeusi ya chuma, nzito, iliyoandikwa Original-Odhner. Juu ina safu za vishikio vidogo vya kusogeza, chini ina madirisha ya tarakimu, na upande wa kulia kuna mpini wa kuzungusha. Haina waya wala betri. Wanangu wananiuliza kama hiyo ndiyo kompyuta ya zamani. Nimejaribu kusoma nikazidi kuchanganyikiwa: kitabu kimoja kinasema kompyuta ya kwanza ni ya Babbage, kingine ENIAC, kingine kinamtaja Mjerumani, na rafiki yangu anashikilia kuwa ni Turing, kwa ile mashine ya kuvunja siri za Wajerumani vitani. Nimeona na mchoro wa mstari mmoja: abakasi, Pascal, Babbage, ENIAC, laptop. Mashine ya babu inakaa wapi kwenye mstari huo, na nani hasa aliyeanzisha kompyuta? Jambo jingine, mpini umekwama katikati ya mzunguko. Nimenunua mafuta ya kopo ya kupulizia. Nikipuliza halafu nikazungusha kwa nguvu, utafunguka?"*

Pole sana kwa kuondokewa na babu. Nianze na swali la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka: liweke kando hilo kopo, na mpini uuache kwa sasa hapohapo ulipo. Usiulazimishe hata kidogo. Sababu nitakupa baadaye, tukishaangalia ndani ya mashine kuna nini.

Sasa hili la nani wa kwanza. Vitabu vyako vinaonekana kugombana, lakini kila kimoja kinajibu swali lake. Ukiuliza nani wa kwanza kusanifu mashine ya kufuata programu, utapewa jina moja. Ukiuliza nani wa kwanza kuiwasha ikafanya kazi, utapewa jingine. Ukitaka iwe ya kielektroniki, linakuja la tatu, na ukitaka iwe imehifadhi programu ndani ya kumbukumbu yake, linakuja la nne. Rafiki yako ndiye aliyechanganya mambo mawili, nitamfikia. Ila chenye kosa kubwa ni ule mchoro. Unamfanya mtu adhani kila mashine ilizaa iliyofuata, kama ukoo. Haikuwa hivyo. Mara nyingi mtu alibuni kitu, kikafa naye, na miaka mingi baadaye mwingine akakibuni upya bila kujua kwamba kuna aliyemtangulia.

Tuanze na mashine yako, na tuseme inazunguka vizuri. Ndani yake kuna magurudumu yaliyopangwa ubavu kwa ubavu, moja kwa kila safu ya vishikio. Ukisogeza kishikio hadi 7, kwenye gurudumu lake vinachomoza vijino saba. Ukikisogeza hadi 3, vinachomoza vitatu, na kwenye 0 hakichomozi hata kimoja. Ukizungusha mpini mara moja, vile vijino vilivyochomoza vinasukuma magurudumu ya majibu, kila kijino hatua moja. Umejumlisha. Weka 347, zungusha mara tatu, na dirisha la majibu litasoma 1,041. Sogeza nafasi moja ile sehemu ya chini inayoteleza, zungusha mara mbili tena, litasoma 7,981, yaani 347 mara 23. Dirisha jingine, dogo, linahesabu mizunguko yako, nalo litakuwa limeandika 23. Kutoa ni kuzungusha kinyume, basi.

Kugawanya ndiko kunakonivutia zaidi. Unaweka 7,981 kwenye majibu, unapanga 347 kwenye vishikio, unazungusha kinyume. Namba 347 inatolewa, inatolewa tena, inatolewa tena, mpaka unapozidisha mzunguko mmoja na majibu yakavuka chini ya sifuri. Dirisha linajaa tisa upande wa kushoto na kengele ndogo inalia. Mwendeshaji akiisikia anajua amepitiliza: anarudisha mzunguko mmoja, anasogeza kitelezi nafasi moja, anaendelea. Makarani waliozoea kazi hii waliifanya bila hata kutazama madirisha, sikio likitosha.

Hiyo kengele ina maana kubwa kuliko ukubwa wake. Mashine imegundua kwamba imepita sifuri, ikatoa taarifa, ikaishia hapo. Haina la kufanya na taarifa hiyo. Aliyeamua kinachofuata ni babu yako, ambaye pia ndiye aliyeijua kanuni ya kugawanya, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi mpaka kati ya mashine ya kukokotoa na kompyuta nauweka hapo: kompyuta inasikia kengele yake yenyewe, na ikiisikia inabadili inachofanya. Wapo wanaouweka mpaka mahali pengine, na wana hoja zao. Lakini kwa mpaka huu, jibu la wanao ni hapana. Mashine ya babu ni kikokotoo, tena kikokotoo bora sana.

Kufika kwenye kikokotoo hicho kulichukua muda kuliko watu wanavyodhani. Abakasi naipita haraka: inakumbuka namba uliyofikia, lakini hesabu yote iko kichwani mwa anayesogeza shanga. Chombo cha Antikythera, kilichotolewa baharini Ugiriki mwaka 1901 kwenye mabaki ya meli ya kale, ni ajabu ya namna nyingine. Kina gia za shaba nyeusi, zilizosalia ni 30, na kilionyesha mienendo ya jua na mwezi na nyakati za kupatwa kwake, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kisha ufundi wa namna hiyo ukatoweka kwa karne nyingi. Mstari wa kwanza kukatika ni huo.

Kilichowahangaisha mafundi wa Ulaya ni jambo ambalo mtoto wa darasa la pili analijua, yaani kupeleka moja. Wilhelm Schickard, profesa wa Tübingen, alimwandikia mnajimu Johannes Kepler mwaka 1623 kwamba ametengeneza mashine inayopeleka moja yenyewe. Ile aliyokuwa akimtengenezea Kepler iliungua kwa moto mwaka 1624, na habari zake zikasahauliwa hadi karne ya 20. Kwa hiyo Blaise Pascal alipoanza yake mwaka 1642, akiwa na umri wa miaka 19, akitaka kumpunguzia baba yake mzigo wa hesabu za kodi kule Rouen, alianza upya kabisa.

Fikiria tatizo lililomkabili. Magurudumu sita yote yanasoma 9, nawe unaongeza 1. Yote sita yanapaswa kugeuka kwa pamoja, kwa nguvu ya kidole kimoja kilichogusa gurudumu la mwisho kulia. Gia za kawaida zingekwama. Pascal alitumia kizito kidogo kinachoinuliwa taratibu kila gurudumu linapoelekea 9. Likivuka, kizito kinaanguka chenyewe na kusukuma gurudumu la jirani hatua moja. Kila gurudumu limejiwekea akiba ya nguvu yake. Ubunifu mzuri, ila ulifanya mashine izunguke upande mmoja tu, kwa hiyo kutoa kulihitaji ujanja wa namba za kijalizo, yaani kujumlisha namba nyingine iliyopangwa ili jibu liwe lilelile. Mwanafalsafa Leibniz, miaka ya 1670, akaleta silinda yenye meno ya urefu tofauti ili kuzidisha kuwe ni kujumlisha kwa kurudia, lakini upelekaji wa moja ulimsumbua mpaka mwisho. Mfaransa Thomas de Colmar alipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1820, na mashine zake zikaanza kuuzwa sawasawa miaka ya 1850.

Odhner, mwenye jina lililo kwenye mashine yako, alikuwa Mswidi aliyefanya kazi St. Petersburg. Magurudumu yake yenye vijino vya kuchomoza yalikuwa mepesi na madogo kuliko silinda za Leibniz, na uzalishaji wa kiwandani ulianza 1890. Mmarekani Frank Baldwin naye alikuwa na hataza ya gurudumu la aina hiyo tangu 1875. Baada ya mapinduzi ya Urusi biashara ikahamia Göteborg, Uswidi, na mashine za jina la Original-Odhner zilitoka huko. Wasovieti nao waliendelea kutengeneza mashine za muundo huo, kwa jina la Feliks, hadi miaka ya 1970. Kumbuka hilo: mashine hizi zilikuwa zikitengenezwa bado wakati watu wameshatua mwezini.

Sasa Charles Babbage, mwanahisabati Mwingereza ambaye kitabu chako cha kwanza kimempa taji. Alianza na mashine ya kutengeneza majedwali ya hesabu kwa kujumlisha tofauti tu, bila kuzidisha. Wazo la kazi kubwa ya hesabu kuvunjwa vipandevipande lilikuwa limeshafanyiwa kazi Ufaransa katika miaka ya 1790. Gaspard de Prony alipotakiwa kuandaa majedwali makubwa ya logarithimu, aliweka wanahisabati wachache juu, wapangaji katikati, na chini kabisa watu wengi wasiohitaji kujua chochote zaidi ya kujumlisha na kutoa. Babbage aliiona kazi hiyo akataka kuliondoa lile kundi la chini na kuweka gia mahali pake. Serikali ya Uingereza ilitoa zaidi ya pauni 17,000, ikaacha mwaka 1842, na mashine haikukamilika.

Kabla ya hapo, kuanzia 1834, alikuwa ameshahamia kwenye wazo kubwa zaidi, la kuondoa na lile kundi la kati. Mashine yake ya uchambuzi ingekuwa na sehemu ya kuhifadhi namba na sehemu ya kuzikokotoa, na maagizo yangeingia kwa kadi zenye matundu, mtindo aliouchukua kwenye vitanda vya kufumia nguo vya Jacquard. Nayo ingesikia kengele yake: namba ikivuka sifuri, ingeweza kurudisha kadi nyuma na kurudia hatua. Ada Lovelace, katika maelezo aliyochapisha mwaka 1843, alionyesha hatua kwa hatua jinsi mashine hiyo ingekokotoa namba za Bernoulli, mfuatano wa namba unaojulikana katika hisabati, na akaona jambo ambalo Babbage mwenyewe hakulitilia mkazo: kwamba kitu chochote chenye kanuni zinazoweza kuandikwa, hata muziki, mashine ingeweza kukishughulikia.

Watu husema Babbage alishindwa kwa sababu mafundi wa zama zake hawakuweza kuchonga chuma kwa usahihi uliotakiwa. Hilo si kweli. Mwaka 1991 Makumbusho ya Sayansi ya London yalikamilisha sehemu ya kukokotoa ya mashine yake ya pili ya tofauti, kwa kufuata michoro yake na kwa usahihi uliowezekana enzi zake, na ikatoa majibu sahihi. Kilichomwangusha ni fedha, ugomvi na fundi wake mkuu Joseph Clement, na tabia yake ya kuacha kazi nusu kila alipopata wazo bora. (Ile ya uchambuzi, kompyuta yenyewe, haijakamilishwa na mtu yeyote hadi leo.) Kwa hiyo Babbage ni wa kwanza kwenye karatasi.

Wakati huohuo biashara ilikuwa ikienda njia yake. Mmarekani Herman Hollerith alitengeneza mashine za kadi za matundu zilizohesabu sensa ya Marekani ya 1890, na kampuni yake ni moja ya zile zilizoungana na baadaye, mwaka 1924, zikaitwa IBM. Mkondo huu haukutoka kwa Babbage wala kwa Odhner.

Mageuzi yenyewe yalitokea katika miaka michache, na chanzo chake si gia bali ni fikra mbili. Ya kwanza ni ya Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, 1936. Katika makala ya hisabati tupu alieleza mashine ya kufikirika inayosoma alama moja moja kwenye utepe, akathibitisha kuwa inawezekana kuwa na mashine moja inayoweza kusoma maelezo ya mashine nyingine yoyote na kuiga kazi yake. Yaani si lazima kujenga mashine mpya kwa kila kazi, inatosha kuandika maelezo mapya.

Ya pili ni ya Claude Shannon, mwanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, 1937, na hii inastahili kuelezwa polepole. Gurudumu la tarakimu kumi linaweza kusimama kati ya 6 na 7, na hapo hakuna anayejua lisomwe vipi. Swichi haina katikati: imewashwa au imezimwa. Shannon alionyesha kwamba ukiunga swichi mbili moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, umeme unapita pale tu zote mbili zinapokuwa zimewashwa. Ukiziunga sambamba, unapita hata ikiwashwa moja. Hizo ni "na" na "au", mantiki ambayo George Boole alikuwa ameiandika kwa alama za aljebra karne iliyotangulia. Sasa, katika hesabu ya sifuri na moja tu, moja jumlisha moja ni sifuri, peleka moja. Lini unapeleka moja? Pale tarakimu hii na ile zote ni moja. Lile tatizo lililomtoa jasho Pascal limebaki kuwa swichi mbili kwenye waya. Zaidi ya hayo, "jibu likiwa chini ya sifuri, fanya hivi" nayo ni kazi ya swichi. Kifaa kinachojumlisha na kifaa kinachoamua vimekuwa kitu kimoja, na hapo ndipo kengele ikapata sikio.

Yule Mjerumani ni Konrad Zuse. Tarehe 12 Mei 1941, Berlin, alionyesha Z3, mashine ya zaidi ya relei 2,000, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, iliyofuata programu iliyotobolewa kwenye ukanda wa filamu. Ilikuwa ya kwanza kufanya kazi kwa programu bila mkono wa mtu katikati. Zuse hakuwa na habari za Babbage alipoanza kusanifu mashine zake. Lakini Z3 haikuwa na agizo la "kama": ilifuata ukanda kuanzia mwanzo hadi mwisho, litokee la kutokea. Iliteketea kwa mabomu mwaka 1943.

Na la rafiki yako. Mashine iliyopambana na msimbo wa Enigma, mashine ya siri ya Wajerumani, ni bombe, ambayo Turing aliisanifu na Gordon Welchman akaiboresha, wakijenga juu ya kazi ya wanahisabati wa Poland. Ilikuwa mashine ya kazi moja tu, si kompyuta. Mashine ya kielektroniki ya Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja misimbo, ni nyingine, Colossus, nayo ilikabili msimbo mwingine, wa Lorenz. Aliyeijenga ni Tommy Flowers, mhandisi wa Posta. Wakubwa walimwambia mashine yenye vali za utupu zaidi ya elfu moja, zile balbu za kioo za redio za zamani, haitadumu. Vali zingeungua moja baada ya nyingine. Flowers alijua kutokana na kazi yake ya simu kwamba vali hufa hasa zinapowashwa na kuzimwa. Usizime, alisema, na zitakaa. Mapema 1944 mashine ilikuwa kazini, na hadi vita vinaisha zilikuwa kumi. Zikafichwa kama siri ya serikali hadi miaka ya 1970, kwa hiyo historia yoyote iliyoandikwa kabla ya hapo haina Colossus. Ukikuta kitabu cha zamani kinachoapa kwamba ENIAC ndiyo ya kwanza ya kielektroniki, usimlaumu mwandishi.

ENIAC yenyewe ilionyeshwa hadharani Philadelphia mwezi Februari 1946: takriban vali 18,000, uzito wa tani 30, hesabu 5,000 za kujumlisha kwa sekunde. Ilijengwa na John Mauchly na Presper Eckert kwa ajili ya majedwali ya kulenga mizinga, na iliweza kuamua kulingana na matokeo. Tatizo lake ni kwamba programu ilikuwa nyaya. Ili kubadili kazi, wanawake sita walioipanga, Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman, walichomoa na kuchomeka nyaya na kugeuza swichi kwa siku kadhaa, kwa hesabu ambayo ingekwisha kwa muda mfupi sana. Mwaka 1973 mahakama ya Marekani ilifuta hataza ya ENIAC, ikisema sehemu ya mawazo yake ilitoka kwa John Atanasoff wa Iowa, aliyekuwa amejenga kikokotoo cha kielektroniki kufikia 1942. Tazama basi: hata mahakama iliingizwa kwenye swali lako, na jibu lake halijawaridhisha wote.

Dawa ya nyaya ilikuwa kuyaandika maagizo yenyewe kama namba, na kuyaweka kwenye kumbukumbu ileile inayoweka namba za hesabu. Wazo lilisambaa kwa ripoti ya Juni 1945 iliyobeba jina la John von Neumann peke yake, jambo lililowauma Eckert na Mauchly maisha yao yote. Lakini waliotangulia kuliwasha ni watu wa Manchester: Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill. Mashine yao ndogo iliitwa Baby. Kumbukumbu yake ilikuwa nukta za chaji kwenye uso wa bomba la kioo, jamaa ya lile la televisheni, mistari 32 ya biti 32, biti moja ikiwa ni sifuri au moja. Tarehe 21 Juni 1948 iliendesha programu yake ya kwanza, iliyoandikwa na Kilburn, maagizo 17.

Programu hiyo ilitafuta kigawanyo kikubwa kuliko vyote cha namba, mbali na namba yenyewe. Baby haikujua kugawanya, haikujua hata kujumlisha. Ilijua kutoa na kubadili alama. Kwa hiyo iligawanya kwa kutoa, ikatoa tena, ikatoa tena, mpaka matokeo yakavuka sifuri. Na katika orodha yake fupi ya maagizo kulikuwa na moja lisemalo: matokeo yakiwa hasi, ruka agizo linalofuata. Ilipopewa 262,144, ikajaribu namba moja baada ya nyingine kutoka juu kushuka, na baada ya dakika 52 ikatoa 131,072. Ni hesabu ileile aliyoifanya babu yako kwa mpini, hatua kwa hatua, ila hapa hakuna karani.

Ukinibana nikupe jina moja, nitakupa la mashine hiyo. Kompyuta iliyo mbele yako leo, pamoja na simu yako, ni ya muundo huo: maagizo na data kwenye kumbukumbu moja, agizo linaletwa, linatekelezwa, linafuata jingine au kurukwa. Tangu hapo kilichobadilika zaidi ni ukubwa wa swichi. Vali zikapisha transista, swichi ndogo ya umeme isiyo na balbu, iliyozaliwa kwenye maabara ya Bell Labs, Marekani, mwishoni mwa 1947. Transista nyingi zikawekwa kwenye kipande kimoja, yaani chipu, kazi ya Jack Kilby mwaka 1958 na Robert Noyce mwaka uliofuata. Hadithi za Altair ya 1975, Apple II ya 1977 na kompyuta binafsi ya IBM ya 1981 umeshazisikia, sitazirudia.

Ila kuna kipande kimoja ambacho mchoro wako umekiruka, na ndicho kinachoigusa mashine ya babu. Mwaka 1969 kampuni ya Japani iitwayo Busicom, ambayo iliwahi kutengeneza vikokotoo vya mpini vya muundo wa Odhner, ilikwenda Intel, kampuni ya Marekani ya kutengeneza chipu, kuagiza chipu kadhaa maalumu kwa kikokotoo kipya cha umeme. Ted Hoff wa Intel akaona chipu ni nyingi mno. Akapendekeza kwamba badala ya saketi ya pekee kwa kila kazi ya kikokotoo, watengeneze kompyuta ndogo ya jumla, na ukokotoaji uwe programu tu ndani yake. Federico Faggin na Masatoshi Shima wakaisanifu, na Novemba 1971 ikatangazwa sokoni kwa jina la 4004, transista 2,300. Chipu za leo zina mabilioni. Kwa hiyo mashine yako haisimami kati ya Babbage na ENIAC. Inapita kando ya hao wote na kuingia mwishoni, kama mteja aliyeagiza mikroprosesa ya kwanza kuuzwa sokoni, yaani kompyuta ndani ya chipu moja. Na vikokotoo hivyo vya umeme ndivyo vilivyoua vya mpini ndani ya miaka michache.

Turudi kwenye mpini. Mashine nyingi za aina hii zina kizuizi kinachokataa kurudi nyuma ukishaanza mzunguko, ili hesabu isiharibike nusu. Kwa hiyo kuujaribu kwa kuurudisha kinyume ndio njia ya haraka ya kuvunja kitu. Wakati mpini hauko kwenye kituo chake, vishikio na kitelezi pia hufungwa. Hiyo si hitilafu. Kilichokwamisha huwa ni kimoja kati ya hivi: kitelezi hakikukaa sawasawa kwenye nafasi yake kabla ya kuzungusha, kishikio kimesimama kati ya tarakimu mbili, au mafuta ya miaka mingi yamekauka yakawa gundi. Mafuta ya kopo yanailainisha gundi hiyo kwa muda na kuipeleka ndani zaidi, kwenye vijino na springi, kisha yanabaki kama utando wa kunasa vumbi.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kidogo. Pangusa vumbi kwa brashi kavu laini. Kwa tochi, angalia kama kuna kishikio kilichosimama katikati au kitelezi kilicho upandeupande. Kisha usukume mpini kwa vidole viwili tu, kuuendeleza mzunguko kwa mwelekeo uleule ulioanza nao, si kuurudisha nyuma. Ukienda, umalizie mpaka kituoni. Usipoenda, acha. Kuiweka kabatini kama ilivyo, kwa kumbukumbu tu, nako ni uamuzi halali. Haitadhurika ikiwa mahali pakavu.

Ukitaka ifanye kazi, mtafute fundi wa kuiona kwa macho, hasa ukiona kutu kwenye vijino, ukiwa umesikia mlio wa chuma kukatika, au tarakimu zikiwa zinacheza bila mpini kuguswa. Fundi wa taipureta au wa saa za zamani anafaa kuliko wa kompyuta. Muulize kama amewahi kufungua mashine ya springi nyingi namna hii, na kama anapiga picha kila hatua anapofungua. Akicheka swali hilo, mtafute mwingine. Na kabla hujaichukua, ijaribu mbele yake: weka 999999, zungusha mara moja, kisha rudisha vishikio vyote kwenye 0, weka 1 kwenye kishikio cha mwisho kulia, zungusha tena. Madirisha sita ya kulia yanapaswa kusoma sifuri na la saba kusoma 1. Likibaki hata 9 moja, upelekaji wa moja kwenye nafasi hiyo haujakaa sawa, na kazi yake haijaisha.